Mzee wa Masjala Anajibu: Jaji wa Marekani Anafukuzwa na Nani?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa na mhariri, na nusu yake zinauliza jambo moja tu, eti majaji wa Marekani wanakaa mpaka wafe kweli? Sijui watu wa Mwanza mmeingiwa na nini, nadhani ni hizi taarifa za habari za usiku. Haya tujibu. Nawakumbusha tena kwamba mimi nilikuwa karani wa masjala, nilibeba majalada maisha yangu yote, sikuwa jaji wala wakili, kwahiyo mwanasheria akiona nimeteleza anisahihishe kwa upole.

Shikamoo Mzee wa Masjala. Sisi ni vijana wa kupakia dagaa hapa Mwaloni Kirumba, juzi tumebishana mpaka kazi ikasimama. Jamaa yangu anasema rais wa Marekani anamtumbua jaji kama anavyomtumbua waziri, na ameona kwenye simu mwaka 2025 kuna majaji wametimuliwa. Mimi nikamwambia jaji wa kule hagusiki mpaka kaburini. Tumewekeana sato wawili wakubwa, nani kala? – Kuli, Mwaloni

Marahaba wanangu. Hakuna aliyekula, wote mmeliwa, na hao sato wasio na mwenyewe nadhani mnajua nyumbani kwangu.

Nianze na wewe wa hagusiki. Katiba ya Marekani, ibara ya tatu, haina hata neno moja linalosema jaji anakaa maisha. Inasema majaji watashika kazi yao muda wote wa tabia njema, imeishia hapo. Watu ndio wakafupisha wakasema wa maisha kwasababu hakuna miaka iliyotajwa wala umri wa kustaafu, ukitulia na mambo yako unakaa mpaka ufe au uchoke mwenyewe uage, na mshahara wako ukiwa kwenye kiti hauruhusiwi kupunguzwa. Lakini ukishasema tabia njema umeshakubali kuna tabia mbaya, na kwa hiyo mbaya kuna mlango. Mwembamba kweli, ila upo.

Mlango wenyewe uko bungeni. Baraza la Wawakilishi linapiga kura ya kumshtaki jaji, hapo wingi wa kawaida unatosha. Sasa watu wengi wakisikia kashtakiwa wanadhani ndio kashatimuliwa, hapana, hapo ni kama jalada limefunguliwa tu. Linapanda Seneti, yaani baraza la juu la Bunge lao, maseneta wanakula kiapo kama wazee wa baraza, wawakilishi kadhaa wanakuja kuwa waendesha mashtaka, jaji analeta mawakili wake, mashahidi wanabanwa maswali, mwisho inapigwa kura na zinatakiwa theluthi mbili ya waliohudhuria. Zikipungua, hata kwa kura moja, jaji anarudi kwenye kiti chake kama hakuna kilichotokea.

Tangu serikali ile ianze mwaka 1789 waliowahi kushtakiwa na Baraza hilo ni majaji 15. Wanane waling'olewa, wanne Seneti iliwaachia, watatu waliona maji yamefika shingoni wakajiuzulu. Na viti vya majaji wa aina hii kwa sasa vinapita 800, kwahiyo watu wanane katika miaka zaidi ya 230 hata mtumbwi mmoja hawajai.

Wa kwanza kung'olewa alikuwa John Pickering wa New Hampshire, na kesi yake nyie wa Mwaloni mtaielewa kuliko mawakili maana chanzo chake ni chombo cha majini. Kulikuwa na meli inaitwa Eliza, watu wa forodha wakaikamata kwa ushuru ambao haujalipwa, Pickering akairudisha kwa mwenyewe bila kuwasikiliza mashahidi wa serikali, na mahakamani alikuja kalewa anaropoka. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa ameshaharibikiwa akili, mpaka mwanae akawaandikia maseneta kwamba baba yangu ni mgonjwa jamani. Ikawa mjadala, ugonjwa nao ni tabia mbaya? Mwaka 1804 wakapiga kura 19 kwa 7, wakamtoa. Mimi kila nikiisoma hiyo kesi naona mgonjwa kaonewa, alafu nikijiuliza wangefanyaje nakosa jibu, maana katiba ilikuwa haijawapa mlango mwingine. Hili nitalirudia chini kuna mzee wa Nansio ameliuliza vizuri.

Haya na wewe wa kutumbua. Rais wa kule anamteua jaji, Seneti inamthibitisha, na akishaapa basi, rais hana tena mkono wa kumfikia, hata aseme nini jukwaani. Ila ulichokiona kwenye simu sio chai. Kuna watu kule wanaitwa majaji wa uhamiaji, hawa wako chini ya Wizara ya Sheria, ni waajiriwa kama waajiriwa wengine, na kweli mwaka 2025 makumi yao walionyeshwa mlango. Hawa ibara ya tatu haiwahusu. Hata kwenye mahakama zenyewe za shirikisho kuna majaji wa kesi za kufilisika wanaopewa miaka 14, na kuna mahakimu wanaowasaidia majaji wanapewa miaka 8. Wote mtaani wanaitwa jaji, kama nyie hapo mnavyosema samaki samaki mpaka mteja aulize bei ndio tunajua ni sangara au ni furu.

Mzee habari za majukumu. Nasoma hapa Malimbe mwaka wa pili, sio sheria, ila roommate wangu ni wa sheria na ananisumbua sana na haya mambo. Mbunge tunamchagua kila baada ya miaka mitano tukichoka tunamtoa, kwanini jaji apewe kiti bila mwisho? Si ufalme huo? – Mwanafunzi, Malimbe

Nzuri mjukuu wangu. Umeuliza kama ni ufalme na kinachochekesha ni kwamba utaratibu huu ulitokana na watu kumkimbia mfalme.

Zamani Uingereza jaji alikaa kwa raha ya mfalme, mfalme akinuna leo, kesho una mizigo yako nje. Wakagombana nayo sana mpaka mwaka 1701 Bunge lao likapitisha sheria kwamba jaji atakaa kwa tabia njema na kumtoa lazima mabaraza yote mawili ya Bunge yaombe. Lakini kinga hiyo ilikuwa ya Waingereza wa kwao, makoloni ya Amerika hayakupewa. Majaji wa makoloni waliendelea kukaa kwa raha ya mfalme, na Wamarekani walipotangaza uhuru mwaka 1776 wakaorodhesha malalamiko yao, mojawapo ni hilohilo, kwamba mfalme amewafanya majaji wamtegemee yeye kwa kazi na kwa mshahara. Kwahiyo walipoandika katiba yao mwaka 1787 wakafunga vyote viwili kwa pamoja, kiti na mfuko. Walijua ukifunga kiti ukaacha mfuko wazi hujafanya kitu, jaji hutamfukuza ila utamlaza njaa mpaka akuelewe.

Aliyeitetea hoja hii kwa kalamu ni Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa nchi ile, mwaka 1788. Alisema mahakama haina jeshi na haina hazina, ina maamuzi yake tu, kwahiyo ndio mhimili dhaifu kuliko yote na usipomkinga jaji asitikiswe mahakama itakuwa kibarua wa hao wengine wawili.

Sasa niambie wewe na roommate wako, mmeshaona mechi za ndondo? Refa kaletwa na nauli yake kalipwa na timu mwenyeji, na ameambiwa ukichezesha vizuri Jumapili tunakuita tena. Hapo unategemea penati inatoka upande gani? Na refa mwenyewe anaweza kuwa mtu safi kabisa hata hajaambiwa kitu, ila kichwani anajua Jumapili ipo. Jaji ambaye mkataba wake unaisha Desemba na mbele yake Novemba kuna mvuvi anaidai serikali mtumbwi wake uliokamatwa kimakosa, yule mvuvi anahitaji sana jaji asiwe na Jumapili kichwani. Hicho kiti cha bila mwisho aliwekewa mvuvi.

Walikijaribu mapema. Mwaka 1804 chama cha Rais Jefferson kilikuwa kimekamata Bunge lote na kilikuwa kinamchukia jaji mmoja wa Mahakama ya Juu, Samuel Chase, mzee mkali, mkorofi, anachanganya siasa kwenye kiti waziwazi. Wakamshtaki. Seneti ilikuwa na maseneta 34, chama cha Jefferson kilikuwa nao 25, na kura zilizotakiwa zilikuwa 23. Yaani mahesabu yametimia na chenji imebaki. Siku ya kura, Machi 1805, shtaka lililopata kura nyingi kuliko yote lilipata 19. Watu wa chama chao wenyewe waligoma, wakasema huyu simpendi lakini nikimtoa leo kwa maamuzi yake na maneno yake, kesho wao watatoa wa kwetu. Hajawahi kushtakiwa tena jaji wa Mahakama ya Juu toka siku hiyo mpaka leo naandika. Na utamaduni huo ndio Jaji Mkuu wao John Roberts aliukumbusha Machi 2025 pale wanasiasa walipoanza kupiga kelele jaji fulani ang'olewe kwa uamuzi alioutoa, akasema kwa zaidi ya karne mbili imekubalika kwamba kutokubaliana na uamuzi sio sababu ya kumng'oa jaji, rufaa ndio kazi yake hiyo.

Nikuongezee kitu umtese nacho roommate. Aliyekalia kiti cha kuongoza kesi ya Chase pale Seneti alikuwa makamu wa rais Aaron Burr. Huyu Burr miezi michache nyuma, Julai 1804, alikuwa amempiga risasi mtu akamuua, na mtu mwenyewe ni huyo huyo Hamilton. Nilivyoisoma mara ya kwanza niliiweka gazeti chini nikatoka nje kidogo.

Mheshimiwa mjibu maswali, mimi nilikuwa nahodha, nimevusha watu na mizigo ziwani humu miaka mingi. Umri ulipofika nikapimwa macho nikaambiwa mzee inatosha, niliumia ila walikuwa sahihi maana taa za usiku nilishaanza kuziona mbilimbili. Je jaji wa huko wa miaka 90 nani anampima macho? – Nahodha mstaafu, Nansio, Ukerewe

Nahodha, heshima yako. Hili ndilo swali lenyewe hasa, hayo mengine yote niliyojibu ni maji ya kunawa mikono.

Hakuna anayempima. Ule mlango wa bungeni ulitengenezwa kwa mwizi na mla rushwa, haukutengenezwa kwa mtu aliyechoka. Mzee akianza kusahau jina la wakili aliyesimama mbele yake hajafanya kosa lolote, utamshtaki kwa lipi? Walishafanya hivyo kwa Pickering na hawakupenda ladha yake.

Kuna jaji wa Mahakama ya Juu William O. Douglas, yeye ndiye anashikilia rekodi ya kukaa kule, miaka 36, kuanzia 1939. Siku ya mwisho ya mwaka 1974 akapata kiharusi. Akarudi kazini kwa kiti cha magurudumu, ana maumivu, anasinzia kwenye kikao. Wenzake hawakuwa na sheria ya kumtoa, wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe, kimyakimya, kwamba kesi yoyote ambayo kura ya Douglas ndiyo itakayoamua, isogezwe mbele. Nahodha wewe fikiria, mabaharia wanakaa jikoni wanapatana kwamba usukani akishika mzee basi injini tuizime kwanza. Alikuja kuachia Novemba 1975.

Wamejaribu kuweka viraka. Mwaka 1980 ilitungwa sheria inayoruhusu mtu yeyote kupeleka malalamiko kwamba jaji ana mwenendo mbaya au hana uwezo wa kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili, na baraza la majaji wenzake linaweza kumsimamishia kesi mpya kwa muda. Mshahara anapata, cheo anacho, ila majalada hayaji. Hiyo ndiyo ishu ya Pauline Newman wa mahakama ya rufaa inayoshughulika na hataza, yaani haki za wavumbuzi, kazaliwa 1927, na Septemba 2023 wenzake walimsimamishia kesi mpya akiwa na miaka 96 kwasababu alikataa kufanya vipimo walivyomtaka afanye, na zuio likarefushwa baadaye. Yeye anasema yuko timamu na ana madaktari waliompima wakasema hivyohivyo, akafungua kesi kupinga. Sichukui upande, sikuwepo. Ila angalia ugumu wake, wanaomwambia umechoka ni wenzake wanaopishana naye kwenye korido, na kama yeye ndiye aliyezoea kuwapinga kwenye hukumu unajuaje wanapima umri au wanapima upinzani?

Kiraka kingine ni kizuri zaidi na kinatumika sana. Jaji akifika miaka 65 na ametumikia 15 anaruhusiwa kuingia nusu kustaafu, anachukua kesi chache, mshahara unaendelea, na kiti chake kinahesabika wazi anateuliwa mwingine. Masharti yanalegea jinsi umri unavyopanda mpaka miaka 70 na utumishi wa 10. Wengi wanaondoka kwa njia hiyo na wala haandikwi mtu gazetini. Kuna aliyeitwa Wesley Brown wa Kansas, aliteuliwa na Rais Kennedy mwaka 1962, alifariki Januari 2012 akiwa na miaka 104 na bado alikuwa na majalada. Tena huyo wanamsifia kwamba alikuwa mkali mpaka mwisho, kwahiyo umri peke yake nao hausemi kila kitu.

Lakini hiyo ni hiari, na hapo ndipo siasa inaingia. Jaji akiona rais aliyepo sio wa mrengo wake anang'ang'ania mpaka aje anayempenda amrithishe kiti. Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu aliombwa mapema aondoke akakataa, akafariki Septemba 2020 akiwa na miaka 87, na kiti chake kikajazwa na upande ambao yeye angekuwa wa mwisho kuuchagua. Nchi nzima inakaa inahesabu mapigo ya moyo ya bibi kizee mgonjwa. Mimi hapo ndipo wananipoteza Wamarekani. Hata majimbo yao yenyewe hayakubali, kati ya majimbo 50 ni Rhode Island peke yake inayowapa majaji wa mahakama yake ya juu kiti kisicho na muhula wala umri wa mwisho. Julai 2024 Rais Biden alipendekeza majaji wa Mahakama ya Juu wapewe miaka 18, haikwenda popote.

Nahodha ukiniuliza mimi, nampa jaji kila kinga aliyopewa na Hamilton ila naweka tarehe ukutani siku anayoapa. Tarehe hiyo isisogee mbele, isisogee nyuma, na asiwepo mtu wa kuipigia simu.

Nasikia kuna jaji Marekani alikuwa jela na mshahara unaingia kila mwezi, kweli au mnatupanga? – Sengerema

Kweli. Harry Claiborne wa Nevada, alikutwa na hatia mwaka 1984 kwa kudanganya kwenye hesabu zake za kodi, akaenda kutumikia kifungo mwaka 1986 na akagoma kujiuzulu. Dola 78,700 kwa mwaka zikawa zinaendelea kumfuata gerezani kwasababu kiti hakina njia nyingine ya kuondoka. Bunge likalazimika kumng'oa, ilikuwa Oktoba 1986.

Na kuna kinyume chake. Alcee Hastings wa Florida alishtakiwa kula njama ya rushwa, baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia mwaka 1983, alafu Bunge likamshtaki kwa kura 413 kwa 3 na Seneti ikamng'oa mwaka 1989. Seneti ilisahau, au iliacha makusudi, kumpigia kura ya pili ya kumzuia asishike madaraka tena. Mwaka 1992 wananchi wa Florida wakamchagua kwenda Baraza la Wawakilishi, lilelile lililomshtaki, akakaa humo mpaka alipofariki 2021. Mpwa wangu nilipomsimulia aliniuliza kwenye korido walikuwa wanasalimianaje.

Mzee wa Masjala na wewe utaachia lini hii safu, vijana tupo. – Buhongwa

Nimekuona.

Mambo Mzee. Naendesha boda Igoma. Umetueleza ya Wazungu, sasa huku kwetu jaji anatolewa na nani? Rais si ndio kila kitu? – Boda, Igoma

Poa kijana. Sio kila kitu, ingawa mkono wake ni mrefu kuliko wa yule wa Washington.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 110, jaji wa Mahakama Kuu anaondoka akifika miaka 60, na jaji wa Mahakama ya Rufani, kwa ibara ya 120, ni 65. Kwahiyo sisi ile tarehe ukutani tunayo. Kumtoa kabla ya hapo ni ibara ya 110A, sababu ni mbili kubwa, kashindwa kazi kwa maradhi au sababu nyingine, au tabia mbaya inayokiuka maadili. Rais anaweza kumsimamisha lakini hawezi kumfukuza mwenyewe, lazima aunde tume ya watu wasiopungua watatu, na mwenyekiti pamoja na nusu ya wajumbe angalau wawe ni majaji au waliowahi kuwa majaji, wa hapa au wa nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola. Tume ikisema aondoke, anaondoka. Umeona tofauti, kwa wenzetu wanaomhukumu jaji ni wanasiasa, kwetu ni majaji. Mimi utaratibu wetu hapo naupenda zaidi, na pia neno maradhi limo ndani, Pickering angetoka kwa heshima yake bila kuitwa mhalifu.

Tunapoharibu ni kwenye nyongeza. Katiba ileile inamruhusu Rais kumuongezea jaji muda akishafika umri, kwa maslahi ya umma. Mnakumbuka Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma alifikisha 65 Juni 2023, Rais akamuongezea, mawakili wakabishana kweli kama Jaji Mkuu naye anahusika na hiyo nyongeza, akaja kuondoka Juni 2025 akaingia George Masaju. Sisemi mtu alifanya kosa. Nasema jaji mwenye miaka 59 anayejua kuna nyongeza na anajua iko mkononi mwa nani, yule refa wa ndondo kaanza kuiwaza Jumapili. Na kumbuka serikali ya huyo anayeitoa ndiyo mdaiwa kwenye kesi nyingi kubwa.

Jirani zetu kwa haraka: Kenya jaji ni 70, akitaka anaondoka 65, na Jaji Mkuu hazidi miaka 10 hata kama umri haujafika. Uganda ni 65 Mahakama Kuu na 70 huko juu. Kenya ukimtaka jaji atoke unapeleka ombi kwenye tume yao ya mahakama hata wewe wa boda, ikiona lina uzito Rais anaunda jopo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza mwaka 2012, ugomvi na mlinzi wa kike kwenye jengo la maduka Nairobi aliyetaka kumkagua, jopo likapendekeza aondolewe, akajiuzulu. Mlinzi wa getini. Hiyo Marekani ingekuwa bado iko kwenye kamati.

Hakimu ni habari nyingine, usichanganye. Hakimu wa mahakama ya mwanzo au ya wilaya haundiwi tume na Rais, anashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kuna kamati za maadili ngazi ya mkoa na wilaya unakoweza kupeleka malalamiko yako. Kamati ya mkoa mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, hilo nimelilalamikia toka niko kazini na nitaendelea.

Shikamoo baba. Mimi ni mjane, naishi Buswelu, nina kesi ya kiwanja iko mahakamani mwaka wa nne. Mashahidi wangu wote wameshatoa ushahidi. Juzi nimeenda nikaambiwa jaji amestaafu. Naanza upya? Mashahidi wawili wameshafariki. – Mama, Buswelu

Marahaba mama yangu, pole sana, na usilie kwanza.

Huanzi upya. Kama ushahidi wa pande zote ulishafungwa na ilikuwa imebaki hukumu tu, katiba inamruhusu jaji aliyefika umri aendelee mpaka aiandike na kuitoa hukumu ya kesi aliyoianza, kwahiyo yawezekana bado iko kwake. Kama upande wa pili haujamaliza mashahidi wao, jalada anapangiwa jaji mwingine, na sheria ya mwenendo wa kesi za madai inamruhusu aendelee pale alipoishia mwenzake kwa kutumia ushahidi uleule ulioandikwa. Maneno ya marehemu wako yamo ndani ya jalada, hayajafa. Ila jaji mpya anatakiwa aandike kwenye jalada sababu za kesi kuhamia kwake. Makarani tulikuwa tunaliona hilo dogo, Mahakama ya Rufani hailioni dogo kabisa, kesi zimewahi kubatilishwa kwa kukosa hiyo mistari mitatu. Siku ya kwanza mkiitwa mbele yake mwambie wakili wako aikumbushie, na kama huna wakili simama useme wewe mwenyewe, naomba iandikwe sababu ya kubadilishwa jaji. Hawatakukasirikia.

Nenda masjala na namba ya kesi yako imeandikwa kwenye karatasi usitegemee kichwa, uliza mambo mawili tu, jalada limepangwa kwa nani na tarehe ya kutajwa ni lini. Nenda asubuhi. Ukikuta dirisha limefungwa saa nne wameenda kunywa chai, kaa hapohapo kwenye benchi usiondoke.